Somo: Kupima ujazo wa tishu za ubongo kwenye picha za MRI

Wenzangu wa Mbeya na Iringa mmeniomba hili mara nyingi, basi twende. Ukishaigawa picha ya T1 (aina mojawapo ya picha za MRI) katika tishu zake kwa SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, unapata mafaili kadhaa; tunayoyahitaji ni matatu: c1 ni mada ya kijivu, c2 mada nyeupe, c3 maji ya ubongo.

Kwanza yaweke juu ya picha yenyewe uyatazame. Ukikuta ngozi ya kichwa imehesabiwa kuwa mada ya kijivu, simama hapo hapo urudie ugawaji.

Pili, kila vokseli, yaani kijimchemraba kimoja cha picha, ina thamani kati ya 0 na 1 inayokadiria ni kiasi gani cha tishu hiyo kimo ndani yake. Jumlisha thamani zote zilivyo. Wengi huchukua vokseli zilizovuka 0.5 na kuzihesabu kila moja nzima, na hili linaniuma kila nikiliona. Muuza mchele wa Kyela debe likiwa nusu halihesabu debe zima. Gamba la ubongo, yaani tabaka la nje la mada ya kijivu, lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu, kwa hiyo vokseli za nusunusu ni tele.

Tatu, zidisha jumla hiyo kwa ujazo wa vokseli moja. Vokseli ya milimita 0.9 kwa 0.9 kwa 1.2 ina ujazo wa milimita za ujazo 0.972. Jumla ikiwa 685,000 unapata 665,820; gawanya kwa 1,000, ni mililita 665.8. Vipimo vya vokseli visome ndani ya faili, usikisie.

Sasa maswali yenu na majibu yangu.

Shikamoo mwalimu. Nimepima watu kumi, namba zinakaribiana mno.
Marahaba. Bila shaka umetumia mafaili ya wc1. Hayo yamenyooshwa yafanane na ubongo wa mfano, tofauti za ukubwa zimepotea. Rudi kwenye c1, au tumia mwc1, yaliyorekebishwa kutunza ujazo wa awali.

Dada, mwenye kichwa kikubwa nitamlinganishaje na mwenye kidogo?
Jumlisha ujazo wa c1, c2 na c3 upate wa ndani ya fuvu, kisha uuingize kwenye hesabu zako za takwimu.

Mgonjwa wangu wa Mbozi ana vifuko vya tegu wa nguruwe kichwani. Nifanyeje?
Pole naye. Programu huweza kuyahesabu maji ya vifuko kama maji ya ubongo, na uvimbe wa pembeni kuuona mada ya kijivu. Vichore kwa mkono, kipande kwa kipande, uvitoe, na ujazo wake uuandike kwenye safu yake peke yake.