Kupima Njia Mbadala za Kubadilisha Laini ya Umeme Iliyochakaa

Laini ya kusafirisha umeme haizeeki yote kwa pamoja. Minara ya chuma iliyopakwa zinki na kutunzwa vizuri yaweza kusimama miaka mingi baada ya nyaya zake kuchoka, ilhali vifungio vidogo vinavyoning'iniza vikombe (vihami vya kioo au kaure vinavyouzuia umeme wa waya usipite kwenye mnara) huweza kulika mapema bila aliye chini kuona chochote. Kwa hiyo anayepewa kazi ya kushauri asianze na swali la laini mpya iwe ya namna gani. Aanze na maswali mawili: ni sehemu ipi hasa iliyochakaa, na laini hii bado inahitajika kwa kazi gani?

Swali la kwanza halijibiwi na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwenye daftari. Waya wa aluminiamu wenye kiini cha chuma huoza kuanzia ndani. Zinki inayolinda nyuzi za chuma ikiisha, kutu huingia, na kwa nje waya huonekana mzima kabisa. Kata vipande vichache vya waya, hasa kutoka maeneo yenye hewa ya chumvi, moshi wa viwanda au upepo mkali, kisha vipelekwe maabara vivutwe mpaka vikatike, ili nguvu iliyobaki ilinganishwe na ile ya waya mpya. Kikombe cha kioo kikiharibika hupasuka na kuanguka vipande, hivyo pengo lake huonekana kwa darubini. Cha kaure huweza kutoboka ndani kikabaki na sura yake ileile, na hapo hakuna budi kukipima kwa kifaa. Chimba pia kidogo miguuni mwa minara, kwa kuwa kutu hupenda pale chuma kinapoingia ardhini.

Anayedhani vifungio ni jambo dogo akumbuke moto wa California wa tarehe 8 Novemba 2018, uliouteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85. Chanzo kilikuwa kulabu moja ya chuma kwenye laini ya kilovoti 115 iliyokuwa na umri wa karibu miaka 100; ilikuwa imesagika kidogo kidogo mahali ilipokuwa ikining'inia, hata ikakatika.

Swali la pili ni la mahitaji. Kadiria mzigo wa miongo mitatu au minne ijayo, kisha jiulize mfumo utakuwaje siku laini hii, au jirani yake, itakapozimika ghafla. Wakati mwingine mtambo uliokuwa ukiitegemea umekwisha kufungwa, na jibu la haki ni kuiondoa kabisa. Jibu hilo halipendwi na wengi, lakini lazima liwemo kwenye orodha, sambamba na kuitunza laini ilivyo, ambako nako kuna gharama zake za matengenezo, hitilafu na hatari.

Baada ya hapo ndipo njia zilinganishwe. Kama minara na misingi ni mizima, kubadilisha nyaya na vikombe pekee huokoa muda na fedha nyingi. Nyaya za kawaida hufanyiwa kazi kwenye nyuzijoto 75 hadi 100 hivi, kwa sababu waya ukipata moto hurefuka na kulegea kuelekea ardhini. Zile za kisasa zinazostahimili joto huvuka nyuzijoto 150 bila kulegea kupita kiasi, na zaweza kubeba mkondo unaokaribia mara mbili. Hata hivyo pana mtego. Faida hiyo ni ya laini fupi, zisizozidi takriban kilomita 80, ambazo kikomo chake ni joto. Kwenye laini ndefu kinachobana ni kushuka kwa msongo (volti) na uthabiti wa mfumo, na waya wa gharama hautaongeza kitu cha maana. Hapo ni heri kufikiria kupandisha msongo: ukiuongeza maradufu kwa nguvu ileile, mkondo hupungua nusu na upotevu hubaki robo, ingawa minara na vituo vya kupozea umeme navyo vitapaswa kubadilishwa. Nyaya za chini ya ardhi zifikiriwe kwa vipande vifupi vyenye kizuizi maalumu, maana bei yake ni ya juu na kuitafuta hitilafu yake na kuitengeneza huchukua muda mrefu.

Katika gharama, usitazame bei ya ujenzi peke yake. Chukua laini ya kilomita 50 inayobeba ampea 400 mfululizo. Waya wenye ukinzani wa omu 0.1 kwa kilomita hupoteza megawati 2.4 katika nyaya zake tatu. Mnene zaidi, wa omu 0.06, hupoteza megawati 1.44. Tofauti hiyo kwa mwaka mzima ni zaidi ya megawati-saa 8,400, kiasi ambacho chaweza kulipia unene ule. Kwa kuwa mzigo halisi hupanda na kushuka, tumia wastani wa mraba wa mkondo, yaani zidisha kila kipimo cha mkondo kwa chenyewe ndipo utafute wastani. Wastani wa mkondo wenyewe utakupa upotevu mdogo kuliko ulio wa kweli.

Gharama inayosahaulika kuliko zote ni ya kuizima laini wakati wa kazi. Kujenga upya ndani ya mkuza uleule, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa laini, hupunguza madai ya ardhi, lakini huenda kukahitaji miezi ya kukatisha umeme, na si kila mfumo unaoweza kuvumilia hayo. Orodhesha kwa kila njia siku za kuzima, msimu wake, na kitakachobeba mzigo katika siku hizo, kisha mwombe msimamizi wa gridi athibitishe kwa maandishi kabla ya hesabu kufungwa. Ikiwa njia mbili zimekaribiana kiasi kwamba tofauti ni ndogo kuliko kosa la makadirio yenyewe, chagua ile inayojengeka kwa vipande huku laini ya zamani ikiendelea kufanya kazi.