Kutoka ubao mkubwa wa tanga hadi mdogo: hatua za kufuata ukiwa Tanga

Kaskazi ikishika, ufukwe wa Raskazone haukosi kijana aliyezoea ubao mpana wa tanga (windsurfing) ambaye leo ameazima ubao mdogo wa mwenzake. Anaingia nao majini, anapanda kwa magoti, anasimama, anashika kamba avute tanga, na kabla tanga halijatoka majini ubao umeshazama chini ya miguu yake. Anarudia mpaka mikono inalegea, kisha anatoka akiamini ubao mdogo ni wa wenye kipaji. Si kweli. Kilichomkosesha ni mpangilio wa kujifunza, nao ndio ninaouandika hapa, kama ninavyowafundisha vijana wetu.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba ubao mkubwa hukubeba hata ukiwa umesimama tuli, ila mdogo hukubeba ukiwa unakwenda, kama baiskeli. Kwa hiyo unachotakiwa kujua ni namna ya kuondoka bila kusimama kwanza, kubaki kwenye mwendo, na kugeuka kabla mwendo haujakufa. Sehemu kubwa ya ujuzi huo unaupata ukiwa bado kwenye ubao mkubwa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya lita

Mbao nyingi za siku hizi zimeandikwa ujazo wake kwa lita. Lita moja hubeba takriban kilo moja, na kwenye maji ya chumvi hubeba zaidi kidogo. Chukua mtu wa kilo 70. Ubao wenyewe una kilo 8, tanga pamoja na mlingoti na bumu (ule mti wa kushikia tanga) kilo 10, jaketi la kuokolea na nguo zilizolowa kilo 2. Jumla kilo 90. Ubao wa lita 90 ungemshikilia usawa wa maji tu, bila akiba. Ili avute tanga kwa kamba akiwa amesimama anahitaji akiba ya lita 30 hivi juu ya hapo, yaani ubao wa lita 120. Chini ya hapo kamba haimsaidii tena, na lazima ajue kuanzia majini, yaani kuwa ndani ya maji na kuliacha tanga limnyanyue juu ya ubao.

Ubao wa kujifunzia huwa na lita 180 hadi 220. Mtu wetu ashuke kwanza hadi 150 au 140, akae hapo msimu mzima, kisha 120, halafu ndipo 100. Mwenye kilo 90 aongeze lita 20 kwenye kila kituo, mwenye kilo 55 apunguze 15. Najua mbao hazipatikani kirahisi hapa kwetu na mara nyingi mtu huchukua ule uliopo. Hata hivyo, kuruka kutoka lita 200 hadi 100 kwa mkupuo kunawakatisha tamaa watu wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Afadhali mchange wawili watatu mnunue ubao wa katikati.

Angalia upana pia, maana ukiwa umesimama upana ndio unaokutuliza. Ubao wa kujifunzia una sentimita 85 au zaidi, wa lita 140 una kama 75, wa lita 110 una kama 67. Ukikutana na ubao wa mtumba wa miaka ya 1980, mrefu kupita mita 3.5 na mwembamba, usiupime kwa lita peke yake. Unaelea vizuri, lakini unayumba.

Hatua ya 2: Jipime kwenye ubao ulionao

Pandisha mkuku, lile bapa la katikati ya ubao linaloshuka majini, uuache ndani ya ubao, usiuguse tena siku hiyo. Je, unaweza kwenda na kurudi mahali ulipotokea bila mkuku? Unaweza kuning'inia kwenye hanesi, ule mshipi wa kiunoni wenye ndoano, huku mikono imelegea? Ubao ukianza kuteleza juu ya maji, unaingiza miguu kwenye mikanda bila kuitazama? Kama mojawapo bado, baki hapo hapo. Vyote hivi ni rahisi zaidi kwenye ubao mpana.

Hatua ya 3: Jifunze kuanzia majini

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Fanya zoezi hili kwenye maji ya kifuani, kwenye mchanga, upepo ukiwa kilomita 22 kwa saa au zaidi. Dalili yake ni povu jeupe linaloanza kuonekana hapa na pale kwenye vichwa vya mawimbi. Upepo dhaifu hautakunyanyua, utachoka bure.

Kwanza, panga vyombo. Ubao ulale kukingama na upepo, mlingoti uwe upande upepo unakotoka, na bumu lielekee upande wa chini. Shika mlingoti juu kidogo ya bumu, utazame upepo unakotoka, unyanyue.

Hautanyanyuka mara moja. Tanga lililolala lina maji juu yake, na maji hayo ni mazito kuliko unavyodhani. Nyanyua mlingoti kiasi cha shubiri moja tu, usubiri. Utayaona maji yakitiririka juu ya kitambaa kuelekea nyuma, na tanga likianza kutetemeka pembeni mwa mlingoti. Upepo umepata nafasi ya kupita chini yake. Sasa sogeza mlingoti kuelekea upepo, si juu. Upepo wenyewe utaingia na kulivua tanga kutoka majini. Ile pembe ya nyuma ndiyo huganda mwisho. Ikiganda, usishindane nayo kwa nguvu. Ogelea na mlingoti hatua mbili tatu kuelekea upepo, itaachia.

Tanga likiwa juu, hamisha mikono mmoja baada ya mwingine hadi kwenye bumu. Ubao unauongoza kwa bumu hilo hilo: ukilikandamiza kuelekea kitako cha mlingoti, omo (mbele ya ubao) inakwenda chini ya upepo, yaani upande upepo unakoelekea, ukivuta mkono wa nyuma, omo inapanda kwenye upepo. Cheza hivi mpaka ubao ukutii, kabla hata ya kuweka mguu juu.

Kisha weka mguu wa nyuma katikati ya ubao, mbele kidogo ya mikanda, na uvute kisigino kuelekea makalio ili ubao ukae karibu nawe. Nyoosha mikono juu. Nasisitiza, nyoosha. Kosa la karibu kila mtu ni kujivuta kwenye bumu kama anayepanda mnazi, na matokeo yake tanga linashuka na upepo unamwagika. Tanga likiwa juu na limesimama wima, linashika upepo mwingi. Piga teke majini kwa mguu wa mbele, tupa kichwa na mabega mbele kuelekea mlingoti, na utajikuta umesimama. Mguu wa mbele ukipanda, uweke karibu na kitako cha mlingoti, si kwingine.

Rudia hilo pande zote mbili. Karibu kila mtu ana upande mmoja mgumu, na huo ndio wa kuanza nao, mikono ikiwa bado na nguvu.

Hatua ya 4: Chagua mahali, upepo na maji

Pwani ya Raskazone inatazama kaskazini. Kwa hiyo kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inakurudisha ufukweni hata ukishindwa. Huo ndio wakati wako. Asubuhi huwa kumepoa, alasiri upepo unashika.

Kusi ni habari nyingine. Kwenye ufukwe huo huo inatokea nchi kavu, inapita juu ya miti na nyumba, inafika majini imekatikakatika: mpigo mkali, kisha kimya. Ubao mdogo hauvumilii kimya hicho. Zaidi ya hapo, inakusukuma nje kuelekea kisiwa cha Toten na njia ya meli ziingiazo bandarini. Wakati wa kusi nawapeleka vijana Mwambani, ambako pwani inatazama mashariki na upepo unaingia kutoka baharini.

Maji nayo yana hesabu yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kupwa kukikamilika miamba inabaki wazi. Pezi la chini ya ubao, la sentimita 40, likigonga mwamba ukiwa kwenye mwendo, ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea. Ingia saa mbili kabla ya maji kujaa, utoke saa mbili baada yake. Siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo, una nafasi zaidi. Tazama pia chelezo za nyavu na madema, ile mitego ya samaki. Na kabla ya kutandaza tanga, waulize wavuvi wa ngalawa upepo wa leo utakaaje. Mimi huwauliza hata nikiwa nimeshatazama utabiri kwenye simu.

Hatua ya 5: Funga vyombo kwa ubao mdogo

Usihamishe vipimo vya ubao mkubwa. Weka kitako cha mlingoti katikati ya mfereji wake. Bumu liwe kati ya bega na kidevu ukiwa umesimama juu ya ubao. Kamba za hanesi, zile za kutia ndoano, zifunge kwenye bumu mahali ambapo, ukiachia mikono yote miwili, tanga halivuti mbele wala nyuma. Tanga la mita za mraba 6 hadi 6.5 linafaa kwa ubao wa lita 120 hadi 140 na mtu wa kilo 70, pamoja na pezi la sentimita 38 hadi 42. Tanga dogo mno ni kosa kubwa hapa: unahitaji nguvu ya kukuondoa.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Anzia maji ya kiunoni. Ukishapanda, miguu ibaki mbele: mmoja nyuma tu ya mlingoti, mwingine hatua fupi nyuma yake. Ning'inia kwenye bumu ili uzito wako upite kwenye mlingoti na kuingia katikati ya ubao. Ukikimbilia mikanda mapema, tezi (nyuma ya ubao) inazama, omo inainuka na kugeukia upepo, na safari imekwisha. Ukiona omo inapanda, usifikirie mikono. Sogeza miguu mbele.

Elekeza omo chini kidogo ya upepo upate mwendo. Ubao ukianza kuteleza, fuata mpangilio huu bila kuuvunja: hanesi kwanza, mguu wa mbele kwenye mkanda, mwisho mguu wa nyuma. Kisha ndipo upandishe joshi taratibu, yaani uisogeze omo kuelekea upepo unakotoka.

Ukishateleza, uongozaji unabadilika. Kwenye ubao mkubwa ulikuwa ukiinamisha tanga mbele au nyuma. Huu mdogo husikiliza miguu: visigino vinaupandisha kwenye upepo, vidole vinaushusha. Kandamiza kidogo tu. Anayekanyaga kwa nguvu aliyoizoea kwenye ubao mpana hurushwa.

Hatua ya 7: Kugeuka

Kubisha, yaani kugeuka kwa kupitisha omo kwenye upepo, kunataka miguu myepesi kwenye ubao mdogo, kwa sababu ukichelewa mbele ya mlingoti omo inazama. Mwanzoni usihangaike. Simama, jiangushe majini, ugeuze ubao na tanga, uanzie majini upande wa pili. Wapo wanaoona aibu kufanya hivyo, nami nawaambia hakuna aibu. Unazidisha mazoezi ya hatua ya 3. Kugeuka kwa kufuata upepo kuje baadaye, kwa duara pana, ukiingia na mwendo wote ulionao. Ukipunguza mwendo kwa woga, upepo utakuwa na nguvu zaidi kwenye tanga na utakuangusha.

Hatua ya 8: Upepo ukikata

Lazima ulijue hili kabla halijakupata. Lala kifudifudi juu ya ubao, tanga liegemee tezi lisiguse maji, upige mikono kama makasia. Kama ni mbali, fungua bumu, kunja tanga kwenye mlingoti, uvilalie vyote. Usiuache ubao hata kidogo, hata pwani ikionekana karibu. Ubao unaelea na unaonekana, kichwa cha mtu hakionekani. Vaa jaketi, funga filimbi, chukua simu kwenye mfuko usioingiza maji, na awepo mtu nchi kavu anayejua saa ya kurudi kwako. Msimu wa masika wingu jeusi likitokea, toka.

Hatua ya 9: Lini ushuke tena

Ukiweza kutoka na kurudi ulipoanzia, kuanzia majini pande zote mbili kwenye maji ambayo miguu haifiki chini, na kukaa kwenye mikanda yote miwili bila kuwaza, tafuta ubao wa lita 20 hadi 30 pungufu. Ule mkubwa usiuuze. Oktoba na Novemba, matlai, upepo wa mashariki, ikivuma kidogo kidogo, ndio utakaokutoa ufukweni, na mdogo wako nyumbani atahitaji wa kujifunzia.