Anza na kichwa chako kabla ya hereni: namna ya kuchagua urembo unaokukaa

Nimeuza hereni na urembo mdogo mdogo Kariakoo kwa miaka kadhaa, mwanzo kwenye meza, siku hizi zaidi kwa simu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "dada, ipi itanipendeza?" Sasa mi kabla sijagusa hereni yoyote namuangalia mtu kichwani kwanza. Nywele zikoje leo na wiki ijayo zitakuwaje, anafunga mtandio au hafungi, shingo iko wazi au kola imepanda mpaka kidevuni. Maana hereni inakaa katikati ya nywele na shingo, ukikosea hapo hata iwe ya dhahabu itapotea tu na hela yako imeenda.

Tuanze na nywele basi. Kama umenyoa au umekata ndogo, we ndo mwenye uhuru mkubwa kuliko wote, kila kitu kinaonekana, ringi kubwa, shaba, mbao, pembe ya ng'ombe, vyote vinakaa. Hapo hata kidoti kidogo kinachong'aa kinatosha kabisa. Ukiwa na rasta ndefu umeziachia, kidoti hakuna atakayekiona, kwa hiyo ama uchukue nyembamba ndefu inayoshuka chini ya taya ama ringi nene kidogo, ila zile zenye vicheni vingi au nyuzi za kuning'inia achana nazo kabisa kwa msimu huo, zinajisokota na rasta mpaka ukitaka kuvua unahitaji mtu wa kukusaidia. Ukisuka twende kilioni au ukabana zote juu, uso na shingo viko wazi, hiyo ndo siku ya kutoa zile za kuning'inia. Na jambo moja watu wanalisahau: usinunue hereni siku umetoka saluni kwa ajili ya mtindo utakaoufumua baada ya wiki tatu, nunua kwa mtindo unaoishi nao miezi mingi ya mwaka.

Kwa wanaofunga mtandio au ushungi, hereni ni yako na ya nyumbani na ya shughuli za wanawake wenzio, kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu bapa, kisicho na kucha kucha wala ndoano iliyo wazi. Shifoni, kile kitambaa chepesi cha mitandio, inakamata kila kitu. Nimeona dada kavuta mtandio kwa haraka na ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, ikachanika, damu ikamwagika mpaka kwenye gauni, sitaki kuiona tena. Hela ambayo mwenzio anaweka kwenye hereni kubwa we iweke kwenye pini nzuri ya mtandio, pete, bangili na saa, ndo vinavyoonekana.

Baada ya kichwa, kabati. Fungua kabati utoe nguo tatu ulizovaa mara nyingi zaidi mwezi huu, nasema ulizovaa, sio unazozipenda na zimekaa zinasubiri harusi ya mtu. Zitandike kitandani. Hizo ndo stailo yako kwa sasa, hata kama moyo unasema nyingine. Angalia rangi, angalia maua, angalia shingo ya nguo, alafu angalia zipu na vifungo vya pochi yako na chuma cha kufungia mkanda ni rangi ya dhahabu au ya fedha, kwa sababu vile tayari ni urembo unaotembea nao kila siku. Ukikuta umejaa tisheti na jinzi, we unaweza kubeba hereni yenye fujo, shanga, rangi tatu nne, haitagombana na kitu. Ukikuta umejaa vitenge vyenye michoro mikubwa, chukua kitu cha rangi moja, shaba tupu au mbao tupu, nguo imeshasema vya kutosha. Zile hereni za vifungo vilivyovikwa kitenge mi nazipenda sana lakini ukivaa na kitenge hichohicho na kilemba hichohicho inakuwa sare ya kamati ya harusi. Vaa ya kitenge na nguo isiyo na maua, hapo utaona raha yake.

Rangi ya madini sasa. Watu wanasema ngozi nyeusi ni dhahabu tu, mi sikubali. Dhahabu na shaba zinapasha ngozi ya maji ya kunde joto fulani zuri sana, ila fedha kwenye ngozi nyeusi tii inawaka kama mwezi, na wengi hawajawahi kuijaribu. Usiamulie chini ya taa za dukani, zile taa zinapendezesha kila kitu. Sogea mlangoni kwenye mwanga wa jua, weka moja ya dhahabu sikio hili na ya fedha sikio lile, mwambie mtu akupige picha. Kuchanganya zote mbili nako sio kosa, mradi ionekane umekusudia, mfano pete mbili mbili, sio moja imepotea katikati ya nyingine.

Habari za umbo la uso nitazipitia haraka maana zimekuzwa kuliko zinavyostahili. Uso wa duara ukivaa ndefu unarefuka kidogo, uso mrefu ukivaa duara au pana unajaa kidogo, basi. Urefu wa shingo una kazi kubwa zaidi: shingo fupi na hereni inayogusa bega haviendani, inakuwa kama inakusukuma kichwa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo pana maumivu. Nikiwa kidato cha nne nilinunua hereni za mahafali, nzuri zinameremeta, siku ya pili ndewe zote zimevimba, zinawasha, zinatoa maji. Nilidhani ni uchafu. Ilikuwa ni nikeli, madini wanayochanganya kwenye urembo wa bei rahisi, na mwili wa baadhi yetu ukishaikataa huikataa maisha yako yote. Kwa hiyo kama sikio lako limewahi kuwasha, tafuta madini ya titani (titanium), au fedha yenye muhuri wa 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi, au dhahabu ya njano yenye muhuri. Kwenye dhahabu 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Muhuri uko nyuma au kwenye ule mti unaoingia sikioni, mwombe sonara akuonyeshe na lenzi yake, wala usione aibu. Sumaku inasaidia kidogo, dhahabu na fedha hazivutwi, ila shaba nayo haivutwi, kwa hiyo hereni isiyonasa kwenye sumaku bado haijathibitisha kitu. Na iliyopakwa rangi ya dhahabu juu juu ikishaanza kubanduka usiendelee kuivaa, kile cha ndani ndo kinagusa ngozi sasa.

Wengi wetu tulitobolewa utotoni kwa sindano na uzi, ukavalishwa kijiti cha chelewa mpaka kidonda kikapona, na bibi akakwambia tulia. Siku hizi unataka tundu la pili, la tatu, mpaka juu kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio. Sio jambo geni wala sio la wazungu, picha za zamani za Unguja na Lamu zipo, wanawake wametoboa kuanzia ndewe mpaka juu na matundu yamejazwa karatasi za rangi zilizosokotwa. Ila jua hili: ndewe hupona kwa wiki 6 mpaka 8 hivi, gegedu inaweza kuchukua miezi na wakati mwingine inafika mwaka. Gegedu itobolewe kwa sindano mpya isiyo na vijidudu, sio kwa ile bunduki ya kubonyeza, inaiumiza. Na kama kwenu kuna watu kovu linaota nyama na kuvimba, fikiria mara mbili kabla ya kutoboa popote, zaidi sana juu, kwa sababu ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo zaidi. Usafishe kwa maji ya chumvi safi, mikono umenawa, na usiwe unaizungusha zungusha.

Uzito. Ukijaribu hereni dukani usijiangalie tu kwenye kioo, tingisha kichwa, inama kama unafunga viatu, weka simu sikioni. Subiri dakika tano. Ikiwa bado unaisikia kila sekunde basi hiyo ni ya shughuli ya masaa mawili, sio ya kwenda nayo chuo kutwa. Ndewe ikishavutika tundu likawa mfereji hairudi yenyewe. Na kama unapanda bodaboda kila siku, helmeti inavuliwa na kuvaliwa mara nne, zile ringi kubwa ziweke kwenye pochi uvae ukifika.

Vijana wa kiume nao wananiuliza, ila wanauliza kwa kujificha, na sioni sababu. Kanuni ni ileile, anza na unavyovaa. Bangili ya shanga kama zile wanazotengeneza kina mama wa Kimaasai inakaa vizuri na shati la mikono iliyokunjwa, na ukivaa upande wa saa hakikisha haikwaruzi kioo. Cheni moja nyembamba inayoishia chini ya mfupa wa shingo inatosha, ukiongeza ya pili iwe ndefu kuliko ya kwanza kwa vidole vitatu hivi, la sivyo zinasokotana. Pete ipimwe jioni, vidole huvimba kidogo kwa joto la mchana, ukipima asubuhi na mapema itakubana.

Ukishaelewa hayo, vingine vinafuata. Chagua sehemu moja ya mwili ndo ivae sana siku hiyo, ikiwa ni masikio basi shingo ipumzike, ikiwa ni kidani kipana cha shanga basi sikioni kidoti. Mikono inaweza kuongezewa bila kuharibu kitu, sisi watu wa pwani tumezoea bangili kugongana. Kikuku, ile cheni ya mguuni, watu wana maneno mengi juu yake, we unajua nyumbani kwenu na kazini kwako wanakichukuliaje, ila kama unakipenda kivae ukiwa umeamua, sio kwa kuvizia.

Ukipata hela ya kitu cha kudumu na unataka tanzanite yetu ya Mererani, nakushauri ianze kwenye hereni au kidani kabla ya pete. Jiwe lile ni laini kuliko yakuti, kidole kinagonga kila mahali, sikioni linakaa salama. Na ukikuta mtu anauza urembo wa magamba ya ng'amba au pembe za ndovu, ondoka, ni kosa kisheria na wale wanyama wanaisha.

Utunzaji ni mfupi: hereni iwe ya mwisho kuvaa na ya kwanza kuvua. Mafuta, pafyumu na spreyi ya nywele vikauke kwanza. Jasho la Dar na maji ya bahari vinakula rangi haraka sana. Osha kwa maji, sabuni kidogo na mswaki laini, kausha, weka kila pea kwenye kimfuko chake cha plastiki cha kubana.

Na vifungo vya nyuma nunua vya mpira vya ziada, bei yake ni ndogo mno, weka viwili kwenye pochi. Ikitokea moja imepotea hata hivyo usiitupe iliyobaki, kama ni ndogo iende kwenye tundu la pili, kama ni kubwa fundi atakuwekea pini nyuma uivae kwenye mtandio au kifuani kwenye koti. Mi nina tatu za hivyo, na mmoja wa wateja wangu aliivua yangu kifuani akainunua palepale.