Kiuno na nguvu baada ya arobaini: maelekezo ya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, hamsini nimeshaipita, na futi iko shingoni kutwa. Kwa hiyo mama wenzangu, mizani wekeni pembeni. Ukianza kunyanyua vizito, misuli hujengeka huku mafuta yakipungua, na kilo zinaweza zisisogee kabisa. Sketi ndiyo itakayosema.

Pima kiuno asubuhi kabla ya chai, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Usivute tumbo ndani, nawajua! Mwanamke akizidi sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, aanze kufuatilia presha na sukari. Baba watoto yeye ni 94, inchi 37.

Umri huu una mambo mawili. Misuli huwa imeanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na hedhi inapokaribia kukoma, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huanza kujaa tumboni. Wateja huniletea mikanda ya kubana tumbo niirekebishe. Naishona na hela napokea, lakini mkanda haujengi msuli. Hata kulala chali na kujikunja mara mia hakuyeyushi mafuta ya tumbo peke yake.

Kifaa chako ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi unajiongezea mzigo kwa kopo. Anza na lita nane. Mpini viringishia kipande cha jinzi, la sivyo utakukata vidole. Kwanza, kaa kwenye stuli na uinuke bila kushika kitu. Ikiwa rahisi, kumbatia ndoo kifuani. Pili, inua ndoo kutoka chini: sukuma makalio nyuma, kunja magoti kidogo, mgongo unyooke, ndoo ipite karibu na miguu. Hili ndilo zoezi ninaloliheshimu kuliko yote, maana sisi wa cherehani mgongo ndio unaotangulia kulalamika. Tatu, pushapu za ukutani, baadaye za mezani. Nne, beba dumu kila mkono utembee uani, mabega yasilegee.

Kila zoezi mara nane hadi kumi na mbili, mizunguko mitatu, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Ukifika kumi na mbili bila kuhema sana, ongeza lita moja. Pumzi usiizuie unaponyanyua, hasa mwenye presha, naye amwone daktari kabla ya kuanza. Siku nyingine tembea kwa mwendo wa kuchelewa basi.

Chakula usikate chote. Ukijinyima, misuli nayo itaondoka. Lenga gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, isipokuwa kama figo zako zina shida. Yai moja lina kama gramu sita, kwa hiyo mayai pekee hayatoshi: dagaa, samaki na maharage viingie kila mlo, na ugali ndio upungue. Tui la nazi silikatazi, mimi ni mtu wa Tanga, ila liwe jepesi. Soda acha. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na hapo bado hujanywa chai yenyewe na andazi.

Kiuno kipime mara moja kwa mwezi. Na nguo msilete kupunguzwa mapema. Ngojeni mpaka futi irudie kipimo kilekile miezi miwili.