Somo: Namna ya kuitumia chemba ya biashara, kwa sisi wabanguaji wadogo wa Mtwara

Kontena la futi 20 la korosho iliyobanguliwa hubeba katoni 700, na kila katoni ina ratili 50, yaani kilo 22.68. Hiyo ni karibu tani 16. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inataka zaidi ya kilo nne za korosho ghafi, kwa hiyo kontena moja linameza takriban tani 70 za ghafi. Mimi nina meza mbili za kubangulia na akina mama wanane. Peke yangu silijazi, wala wewe wa Mikindani mwenye meza tatu hulijazi. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka chemba, na ndiyo iliyonifanya niandike somo hili.

Hatua ya kwanza: ijue ni kitu gani

Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, tuliyozoea kuiita TCCIA, ilianzishwa mwaka 1988 na ina matawi mikoani na wilayani. Si idara ya serikali, na wala si ushirika. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inakusanya korosho ya mkulima na kuipeleka mnadani kwa stakabadhi ghalani. Chemba inakusanya wafanyabiashara wenyewe: mbanguaji, mwenye lori, mwenye duka la pembejeo, fundi wa mashine. Ni mali ya wanachama. Anayelipa ada kisha akakaa nyumbani kungoja apigiwe simu ya tenda, atangoja sana.

Hatua ya pili: makaratasi

TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara kutoka halmashauri, na jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hayo utaulizwa. Ongeza karatasi moja ambayo hakuna atakayekuuliza: unazalisha nini, kiasi gani kwa mwezi, daraja gani, na nini kinakukwamisha. Andika kiasi cha kweli. Ukiandika tani mbili na uwezo wako ni kilo 400, siku ya oda ndipo utakapojulikana.

Hatua ya tatu: mkutano wa kwanza

Wengi wakifika wanakimbilia meza ya wakubwa kusalimia na kuomba namba za simu. Mimi nakushauri ukae na watu wawili: mmoja anayefanya kazi kama yako, na mmoja ambaye kazi yake inaigusa yako. Huyo wa kwanza utamwogopa, najua. Huku kwetu mbanguaji anaficha jina la mnunuzi wake kama anavyoficha pesa ya ada ya mtoto. Usimuulize mnunuzi. Muulize ananunua wapi vifungashio, mashine yake ikiharibika anamwita nani, na ghafi inamwishia mwezi gani. Hayo atakujibu, na ukimjibu ya kwako mmeshaanza.

Hatua ya nne: fanyeni jambo moja dogo pamoja

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia.

Tulikuwa watano. Mnunuzi wa Dar es Salaam alitaka korosho nzima nyeupe, daraja la W320, yaani korosho zisizozidi 320 kwenye ratili moja. Tukafurahi, kila mtu akaleta mzigo wake, tukachanganya. Hatukupima. Mmoja wetu alikuwa ameweka W240 zake nzuri, zile kubwa, mwingine akachanganya na vipande, na mzigo wa tatu haukukauka sawasawa. Mnunuzi akafungua katoni tatu tu, akashusha bei ya mzigo wote. Aliyeleta mzigo safi akapata hasara sawa na aliyeleta vipande. Miezi minne hatukusalimiana vizuri sokoni.

Aliyetupatanisha ni mzee mmoja wa chemba, mwenye malori. Hakutuhubiria. Alituuliza: nani alipima? Tukakaa kimya.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu, na naomba uuchukue kama ulivyo. Tulianza upya na vifungashio, tukaagiza mifuko kwa pamoja ili gharama ya usafiri igawanyike. Kwenye mifuko, mtu akikosea hasara ni ndogo na tabia yake mnaiona mapema. Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye korosho, kwa karatasi iliyosainiwa: daraja gani, unyevu usizidi asilimia 5, mpimaji ni nani (asiwe na mzigo ndani), fedha inaingia akaunti gani na inagawanywa siku ya ngapi. Kila katoni ina alama ya aliyeifunga. Likitokea tatizo, linamrudia mwenyewe.

Hatua ya tano: pelekeni kero kwa pamoja

Kero yetu kubwa ni ghafi. Inapita mnadani, na pale mbanguaji wa kilo 400 anasimama na msafirishaji wa meli nzima. Kulalamika kijiweni hakusaidii. Kuna baraza la biashara la mkoa, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na sekta binafsi inaketi humo pamoja na serikali. Chemba ndiyo njia yetu ya kuingia. Nendeni na namba: wabanguaji wangapi, ajira ngapi, meza zinakaa bure miezi mingapi kwa mwaka.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Mimi nashona mashuka na sare Masasi, sina korosho. Chemba itanifaa?*

Marahaba mwanangu. Itakufaa. Wabanguaji wanatakiwa kuvaa kofia na aproni safi, na mimi mwenyewe nilikuwa naagiza Dar. Njoo na sampuli mbili na bei ya kuanzia vipande 50.

*Dada, nauza bidhaa Msumbiji kupitia Daraja la Umoja, Mtambaswala. Cheti cha uasili ni lazima?*

Kaka, ukitaka unafuu wa ushuru wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mzigo wako lazima uthibitishwe kuwa umezalishwa Tanzania, na cheti hicho ndicho kinachothibitisha. Chemba ndiyo inayokitoa. Andaa ankara na orodha ya mzigo, na ushughulikie kabla lori halijapakia. Nimeona mtu amelala mpakani na vitunguu.

*Kikundi chetu cha Newala tuko kumi, wote wanawake. Tujiunge kila mtu kivyake au kama kikundi?*

Anzeni kama kikundi kilichosajiliwa, ada mtachangiana. Usajili huohuo utawafaa mkiomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Ila mchague mmoja wa kuhudhuria mikutano mwaka mzima. Mkituma mtu mpya kila mara, hakuna atakayewazoea.

*Mama, yule aliyechanganya vipande bado mko naye?*

Bado tuko naye. Alilipa kidogokidogo, kwa kazi. Sasa ndiye anayeshika mzani tunapopokea mifuko, na Nane Nane iliyopita pale Ngongo, Lindi, tulikaa naye banda moja.