Zoezi la tetemeko shuleni: namna ya kulifanya huku Mbeya

Walimu wenzangu na wazazi wa Mbeya, Rungwe, Kyela mpaka Songwe, hili jambo tulichukulie siriasi jamani. Tumekaa ndani ya bonde la ufa, tawi la Rukwa na lile la Ziwa Nyasa yanakutana hapa hapa kwetu, na volkano za Rungwe na Ngozi zimetokana na huko huko. Mwaka 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la kama 7.4, ni kati ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa 5.9 tu na bado sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka vibaya. Ilikuwa Jumamosi mchana. Fikiria shule ya msingi, Jumanne saa nne asubuhi, darasa moja watoto mia.

Cha kwanza, waondoeeni watoto lile wazo la kukimbilia mlangoni. Madarasa yetu mengi ni tofali za kuchoma, tofali za juu karibu na bati ndo zinaanza kudondoka na zinaangukia pembeni ya ukuta kwa nje, yani pale pale wanapokimbilia, afu mlangoni kwenyewe wadogo wanakanyagwa. Kwaiyo mwalimu akipaza sauti "Tetemeko!" kila mtoto ainame, ajifunike, ashikilie. Dawati letu la watu watatu waingie chini ya ile meza, kichwa na shingo kwanza, mkono mmoja ushike mguu wa dawati maana linatembea ardhi ikitikisika, na usiposhika linakuacha wazi. Wale wanaokaa chini kwa uhaba wa madawati msiwasahau, wasogee mbali na dirisha na kabati, wapige magoti, kichwa wakiinamishe mpaka magotini na begi liwe juu ya shingo. Mwalimu nae anainama, asibaki amesimama anatoa maelekezo! Ahesabu kwa sauti mpaka 60, matetemeko mengi hayafiki hapo.

Kengele ni ya kutokea nje tu. Hakuna atakaeenda kugonga rimu wakati ardhi inacheza, mtikisiko wenyewe ndo kengele. Ukitulia, mwalimu wa zamu agonge haraka haraka bila kupumzika, mlio ambao hautumiki kwa mapumziko wala mstarini, na darasa litoke kwa kutembea, mikono kichwani, mwalimu akiwa na rejista mkononi. Bila rejista utahesabu nini?

Mkusanyike uwanja wa mpira, mbali na kuta, nyaya za umeme, tenki la maji na ile mikaratusi mirefu. Kila darasa liitwe majina, anaekosekana atajwe kwa mwalimu mkuu, na mtoto asirudi ndani hata kama kaacha viatu, mitikisiko mingine huwa inafuata na ukuta uliopata ufa unasubiri hiyo tu. Mpishi wa uji ajue kukimbia sufuria mara moja, uji wa moto unaunguza vibaya sana. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe wakubwa wawili kabisa kwa majina, na mtu mmoja awe na kazi ya kukagua vyooni.

Kabla ya zoezi zunguka na fundi, kabati zifungwe ukutani, tofali zilizolegea zitolewe, darasa lenye nyufa kubwa lifungwe hata kama mtabanana. Andaeni boksi la huduma ya kwanza, filimbi, tochi, na namba za wazazi kwenye karatasi sio kwenye simu ya mtu mmoja. Zimamoto ni 114.

Fanyeni kila muhula na msitangaze siku, mara moja asubuhi, mara nyingine wakati wa mapumziko watoto wametawanyika, nyingine mwalimu mkuu akiwa hayupo. Wazazi waelezwe kwenye kikao kwamba siku ya tetemeko lenyewe mtoto hatoki getini mpaka mzazi au mtu anaejulikana amchukue na asaini, maana bodaboda watakuja wengi na kila mmoja atasema katumwa.