Kashe ya Squid: hesabu RAM kabla ya diski

Mafundi wenzangu mnaotunza mitandao ya shule na ofisi hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji: kabla hujaikabidhi Squid (programu inayohifadhi kashe, yaani nakala za kurasa za wavuti ili zifunguke haraka) diski nzima ya faiawoli, mashine inayolinda mtandao, angalia RAM uliyonayo. Kwenye mfumo wa biti 64, kila GB 1 ya kashe ya diski inakula takriban MB 14 za RAM kwa ajili ya faharasa tu, yaani orodha ya vilivyohifadhiwa. Ukitenga GB 100, karibu GB 1.4 imeshaondoka, na bado hujagusa mpangilio wa cache_mem. Huo nao ni nafasi ya vitu vinavyokaa kwenye RAM, wala si kikomo cha programu nzima. Wengi hapo ndipo wanapokosea. Mashine ya GB 4 itaelemewa, watu waanze kulalamika intaneti imekufa, kumbe laini ni nzima.

Kwa mashine kama hiyo mimi ningeweka cache_mem ya MB 512 na diski GB 10, basi. Mafaili makubwa yaende diskini, ila kikomo cha kawaida cha Squid cha MB 4 kwa faili kipandishe, ni kidogo mno.

Umeme ukikatika ghafla, kashe ya RAM inapotea yote, na ya diski inabidi ikaguliwe upya Squid ikiwaka. Ikiwa kubwa, utasubiri sana. UPS, betri ya akiba ya umeme, ni lazima jamani.

Kama faiawoli yako inatumia hifadhi ya flashi, kashe ya diski izime kabisa. Kuandikwa kila saa kunaichosha mapema.

Na kurasa za HTTPS (zinazosafiri zikiwa zimefichwa) hazihifadhiwi kwa mipangilio ya kawaida, kwa hiyo usinunue diski kubwa kwa ajili ya YouTube, ambayo nayo ni HTTPS.